Mtani wa Limbu Yuko Mbali

Nzega, 6 Agosti 1974

Shemeji Twalibu,

Shikamoo. Habari za Bujumbura, na mguu umepata nafuu? Sisi tu wazima wa mwili tu. Limbu wangu ametutoka, Jumapili tarehe 28 Julai. Homa ya siku tatu.

Aliacha neno: matanga yake yasianuliwe mpaka wewe, mtani wake Mzaramo, uje umtukane mbele ya watu. Mama yake amelishika neno hilo, haondoki mkekani. Nasi tumeamriwa tuwe tumehamia kijiji kipya, maili tatu kutoka hapa, ifikapo tarehe 20 Septemba. Nyumba zitakazobaki zitabomolewa. Nikimsihi hujibu, "Wabomoe. Mimi namngoja Mzaramo."

Njoo, shemeji. Naogopa watamkuta ndani.

Shemeji yako,
Koleta


Bujumbura, 22 Agosti 1974

Shemeji Koleta,

Marahaba, na pole sana. Barua yako ilifika jana. Niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi.

Siwezi kuja. Mguu haunivushi hata ua, na karatasi za safari ni kazi ya miezi. Tafuta Mzaramo mwingine. Tabora mjini, kule Gongoni nilikozaliwa, hawakosekani.

Tena nikwambie kweli. Miaka minne ya shule sikumshinda Limbu kwa utani hata siku moja. Mwalimu wa jiografia alimwuliza ni umbali gani kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Akasimama wima: "Pembe mbili za tembo na shingo moja ya babu, bwana." Mwalimu aliangusha chaki. Mimi kazi yangu ilikuwa kucheka tu. Nitamtukanaje leo, naye hawezi kunijibu?

Shemeji yako,
Twalibu


Bujumbura, 29 Agosti 1974

Shemeji Koleta,

Hujambo? Mama anakula? Nilikuandikia wiki iliyopita nikikataa. Tangu hapo nahesabu siku za posta. Yako ilichukua kumi na tano. Hii ikichelewa, sijui.

Isomwe kwa sauti, mbele ya watu, neno lisirukwe:

"Limbu, mvivu usiye haya! Babu zako walijitwika pembe kutoka Unyanyembe mpaka pwani, wakafika kwetu wakamaliza mihogo yote. Wewe umeambiwa uhame maili tatu, mzigo wenyewe kitanda na kuku wawili, ukaona afadhali ufe! Haya, lala. Mama yako atakupita hapo na mtungi kichwani, wala hatageuka."

Kama hayachekeshi, nisamehe. Nijibu upesi.

Shemeji yako,
Twalibu


Nzega, kijiji kipya, 4 Oktoba 1974

Shemeji Twalibu,

Shikamoo. Mguu vipi? Barua yako ya kwanza haijafika hadi leo. Ya pili ilifika tarehe 18 Septemba, zimebaki siku mbili.

Jirani yetu Anselm aliisoma. Alipomaliza, watu wote walimtazama mama. Mama alikuwa amejifunika khanga gubigubi. Tukaona mabega yanatikisika, nikajua tumemwua. Akafunua uso: "Mshenzi huyu Mzaramo! Kuku walikuwa watatu!" Akacheka mpaka akapaliwa, ndipo na watu wakacheka.

Kesho yake alijitwika mtungi. Tulipopita kaburini hakugeuka, kama ulivyosema. Niliyegeuka ni mimi.

Amenituma nikuulize: Limbu hayupo, je, siku yako atakuja nani kukutukana? Anasema atakuja yeye. Ila usiharakishe, matusi yake bado hayajaiva.

Shemeji yako,
Koleta