Breki za Mukhana

Kitale,
Jumamosi asubuhi, 2009

Mzee wangu,

Kwetu mtu akifa tunajua alipo. Baba yangu yuko Tongaren, nyuma ya nyumba karibu na migomba, na mambo yakinizidi naenda nasimama pale namwambia. Wewe ulichomwa kama desturi yenu ilivyo, na majivu yako mwanao aliyamwaga mto Nzoia, mimi nikiwa nimemshikia viatu. Sasa nikasimame wapi? Ndiyo maana naandika, mimi Wafula wako, uliyenifundisha kila spana ninayoijua. Nimekalia benchi yako hapa gereji. Utavumilia mwandiko.

Naogopa, Mzee. Wacha niseme mapema, maana hukupenda mtu wa kuzunguka.

Tangu uende, Mama, mkeo, amenunua gari. Ni ileile ya familia, ya viti vinane, lakini ni ya uzao wa tatu. Unakumbuka ulivyozipa majina ya Kibukusu, wateja wakacheka Kalasinga anaongea kama mtu wa Bungoma? Ya kwanza uliiita Kukhu, nyanya. Uso bapa, injini chini ya kiti cha mbele, ukitaka kuangalia maji abiria ashuke kwanza uinue kiti. Magoti ya dereva ndiyo yalikuwa bampa. Ya pili ukaiita Mayi, mama. Hiyo walau waliiwekea pua fupi, ajali isianzie kwenye miguu ya watu, lakini injini ikabaki palepale chini ya kiti. Ulikuwa unakaa kushoto kwa dereva, kimya, unaisikiliza kwa makalio. Mimi nilikuwa nacheka chinichini, halafu na mimi nikajifunza hivyo hivyo.

Ya tatu uliiona mara moja tu, mteja alipoileta kutoka Bungoma. Ulifungua boneti ukakuta injini yote imehamia mbele, magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta, na sakafu imeshuka hata mtoto anapanda mwenyewe. Uliziangalia zile nyaya, ukafunga boneti polepole, ukasema, "Huyu Mukhana. Msichana amesoma sana huyu." Tukacheka. Mwezi uliofuata moyo wako ukasimama. Sasa Mukhana amekuja kukaa nyumbani kwako, na fundi ni mimi.

Wiki hii Mama alilalamika. Akikanyaga breki akiwa karibu kusimama, pedali inamtetemekea mguuni na gari inasonga mbele kidogo ndiyo ikubali. Kwenye dashibodi kukawaka taa ya manjano. Nilifungua magurudumu yote. Pedi ni nzima, mafuta ya breki yako sawa, hakuna mahali panavuja. Nikapangusa vumbi na matope, nikafunga, nikawasha. Taa imezima na breki inashika vizuri kabisa. Na mimi sijui nilifanya nini.

Hapo ndipo ninapoogopa. Kwa Kukhu, kitu kikiharibika unakishika mkononi, unaona kimepasuka, unakitupa. Hii imepona yenyewe tu. Nikifumba macho naona ule mteremko wa Kamukuywa, trekta la miwa liko mbele yetu, na ile pedali inaanza. Usiku naamka nakaa ukingoni mwa kitanda. Mke wangu akiuliza, namwambia ni mgongo.

Na safari ni leo. Mwanao amekuja na mkewe na watoto watatu, wanataka kwenda Bungoma kumsalimia dada ya Mama. Kiti kimoja ni changu, maana sheria ni yako: "Wewe funga breki, wewe panda." Ulipanda na kila mteja. Ulienda Chwele, ukaenda Matulo ukiwa umebanwa kati ya kuku na mama mkwe wa mwalimu, unashuka kilemba kimejaa manyoya. Nilidhani ni maringo, ati unawaonyesha watu unavyoiamini kazi yako. Mimi siiamini hii yangu. Na baada ya matanga Mama aliniambia wazi, "Kama hizi gari mpya huziwezi, sema, niuze hii ploti ya gereji." Hapa tunakula mafundi wanne na familia zetu. Nikisema sijui, nafunga geti kwa mkono wangu. Nikinyamaza, nawapeleka wajukuu zako Kamukuywa.

Asubuhi hii Mama amekuja kuchukua ufunguo. Watoto walikuwa wanakimbizana uani, chakula kimefungwa tayari. Nilikuwa nimejipanga kusema iko sawa. Mdomo ukasema, "Mama, sijui ilipona vipi."

Nikajua kazi imeisha. Mama akavuta kile kigoda chako, akakaa, akaniuliza kama najua kwa nini ulikuwa unapanda na wateja. Nikasema ni kujiamini. "Kujiamini gani? Alikuwa anaogopa. Kila breki. Akibaki nyumbani anatembea huku na huku, chai inapoa, simu ikilia anaruka. Mimi ndiye nilimwambia, si uende nao tu."

Mzee, nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo. Miaka yote ile tumelala chini ya gari moja, bega kwa bega, na hukuniambia. Nimebeba woga huu peke yangu nikidhani ni ugonjwa wa mafundi wabovu. Ungesema tu, bana. Halafu nimelia, mbele ya mkeo, na grisi usoni.

Ploti hakuitaja. Amesema watoto wabaki, twende yeye na mimi mpaka chini Kamukuywa, tukanyage breki mpaka tujue. Ikitetemeka, nitasikia inaanzia gurudumu lipi, nifungue hapohapo. Nimemwambia naweza kwenda peke yangu. Amekataa, ati gari ni yake. Ameingia ndani kuwaambia watoto, nawasikia wanalia. Ndiyo nimepata hizi dakika za kukuandikia.

Nakuahidi, Mzee, hakuna mtoto wa mtu atakayepanda gari niliyofunga breki kabla mimi sijaipanda. Na nisipojua nitasema sijui, hata kama geti litafungwa. Lala salama huko mtoni. Karatasi hii nitaibeba mfukoni, na tukifika daraja la Nzoia siku moja nitakuachia.

Mama ametoka. Amevua ule mkufu wa dhahabu uliompa, amempa mke wa mwanao amshikie. Nimejifanya sikuona kwamba naye anaogopa. Kwaheri, Mzee wangu. Ameshakaa, anafunga mkanda, na mimi naingia.

Wafula