Mai Yer Agoma Mlangoni Kwangu

Jumanne, 9 Julai 2024

Leo nimekasirika. Mai Yer, jirani yangu, mkimbizi wa Kihmong, watu wa milimani mashariki ya mbali, kajifungua majuzi tu, na chakula nambebea mie. Mtoto mashavu kama maandazi! Hita yao imekufa, na baridi ya St Marys hii, ughaibuni huku, inatafuna mifupa. Nikamshika mkono — twende kwangu, kuna moto, kuna uji wa pilipili manga. Kufika mlangoni, kagoma! Kang'ang'ania ukuta kama anakamatwa na polisi. Kwani nyumba yangu ina najisi? Uji nimeunywa mwenyewe. Wote.

Alhamisi, 11 Julai

Kaja Wilkister, Mkenya, mshauri wa wakimbizi anayeshughulikia familia ya Mai Yer. Ati Mai Yer kakosa vikao tangu azae. Jumatatu asipofika ofisini Bankstown, mwenyewe, kwa treni, wanamfungia huduma — mshauri, mkalimani, darasa la Kiingereza, vyote.

"Na wewe shosho, wacha kumbebea chakula. Anafaa ajitegemee."

Nikamwambia mie si shosho wako, si bibi yako, mie Bi Ghaliya. Na wewe mwanangu, umezaa? Hajazaa! Mzazi mbichi apande treni na baridi hii? Kwetu Tanga mzazi hatoki mpaka arobaini. Shule sikuiona, herufi hizi kanifunza binti yangu Fawzia ukubwani, lakini ujinga wa namna hii hata mie sina.

Ila Mai Yer bado nimemnunia. Mlango wangu!

Ijumaa, 12 Julai

Tou, mume wa Mai Yer, kaja kugonga. Kaongea na Fawzia Kiingereza, mie nimesimama na mwiko wangu. Kumbe! Kwao mzazi haingii nyumba ya mtu mpaka mwezi uishe. Akiingia, mizimu ya nyumba ile huchukia, na wenye nyumba hupatwa na mabalaa. Alikuwa ananikinga mie! Na mie nimevimba kama chura.

Mizimu siiamini, kwangu inasomwa Kurani kila siku. Lakini adabu naijua nikiiona. Nimempelekea kuku wa kuchemsha, wa moto.

Fawzia kampigia Wilkister, kamweleza. Ati anaelewa, anaelewa sana, ila bosi anataka kuona maendeleo. Mwanamke katoa mtu tumboni — maendeleo gani tena?

Jumatatu, 15 Julai

Wilkister kaja na gari lake. Kabembeleza: nitakupeleka mimi, uingie ofisini kidogo tu, wakuone. Mkalimani yuko kwenye simu, anatafsiri. Tou naye nyuma: nenda, nenda, wasitufungie. Nikafungua mdomo. Mai Yer akanitazama. Nikaufunga — mie!

Akasema mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole. Fawzia kanitafsiria: Hapana. Ile ni nyumba ya watu, sitaingia. Mwezi ukiisha nitakuja. Peke yangu. Kwa treni.

Wilkister kasema tangu amjue, Mai Yer hajakataa kitu hata kimoja, kila jambo ni ndiyo tu. Na hicho ndicho wanachowafundisha kule ofisini — kusema hapana! Sasa atamwambia nini bosi?

Yumo garini, anaongea kwa simu na bosi huyo huyo. Namwona dirishani, mkono unapiga usukani. Mai Yer kasimama mlangoni kwake na mtoto, soksi juu ya soksi, haingii ndani. Tou hata kumtazama hamtazami. Nimempigia Mai Yer kelele ajifunike, kanicheka tu.

Natoka na blanketi. Wilkister anafungua mlango wa gari — aje na ndiyo ya bosi, aje na hapana yake, mie blanketi hili namfunika Mai Yer.