Uji wa Mtindi Uliobaki

Aline mjukuu wangu,

Nakusalimu wewe na wenzako hapo Yoba. Huku Giteranyi tuko salama, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama mtindi unaobaki baada ya kutoa siagi ni wa kumwaga. Usiumwage, mwanangu. Koroga unga wa mtama ndani yake ukiwa bado baridi, kisha pika kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga, usije ukakatika.

Nilipoolewa hapa, familia yetu ikiwa imerudi karibuni kutoka ukimbizini Tanzania nilikokulia, mama mkwe wangu hakunitaka. Alisema hajui kwetu ni kwa nani. Kisha akaugua, akakataa chakula siku tatu. Nyumbani palikuwa na mtindi huo tu, nikampikia uji. Akaunywa wote.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza.

"Mama yangu. Tulimzika kulekule Tanzania."

Akanishika mkono. "Kaa hapa," akasema. "Nisimulie habari zake."

Nikakaa kitandani kwake. Tangu tuvuke mpaka, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza habari za mama.

Bibi yako akupendaye,
Domitila