Kisima Chako Nakifukia, Baba Kimani

Baba Kimani,

Sijui kama huko uliko mtu hupata habari za nyumbani, lakini hii nataka uisikie kutoka kwangu kabla ndugu zako hawajakufikishia. Kisima chako nakifukia.

Usinune. Ngoja kwanza nikueleze.

Siku tuliyokuzika, mbele ya kijiji chote cha Gatitu, ndugu yako mkubwa alishika kipaza sauti akatangaza kwamba familia itakumbuka jina lako kwa kumaliza kisima. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, mjane angefanya nini? Kisha ndugu zako wakarudi makwao, kisima kikabaki na mimi na mwanao. Nikifungua mlango asubuhi nakiona kimeachama pale kati ya migomba na zizi. Kanisani naulizwa, maji yamefika? Sokoni naulizwa. Nimekuwa mfungwa wa shimo, mume wangu, na shimo lenyewe halina hata tope.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka humo, umejaa udongo mwekundu hadi kwenye kope, unaketi juu ya ndoo uliyoipindua unangoja chai? "Maji iko hapa tu, Mama Kimani. Imebaki kidogo." Kila kahawa ilipomalizika kuchumwa, wewe ulishuka. Nilikutania kwamba siku moja utatokea upande wa pili wa dunia, ukacheka, halafu ukashuka tena. Niliupenda ubishi wako. Hilo pia nataka ulijue.

Na wale wa mradi wa maji walipokuja kukuomba uchimbe mtaro wa bomba pamoja na wenzako, uliwajibu pale langoni, "Mimi niko na kisima yangu." Bomba likapita nje ya ua wetu, likaenda kwa majirani. Mimi hadi leo nabeba mitungi kutoka mtoni.

Sasa Kimani amerithi jembe lako na ubishi wako. Anasema hawezi kuacha kazi ya baba yake katikati. Juzi, kabla hajashuka, niliteremsha mshumaa kwa kamba kupima hewa, jinsi ulivyozoea wewe. Ulizimika hata nusu haujafika. Nikamwonyesha. Akasema, "Tungoje tu jua ipande, Mama, hewa itakuwa sawa." Akakaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani, akingoja. Mgongo wake ni wako kabisa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ugonjwa ulipokuchukua.

Niliingia jikoni nikapiga magoti kando ya meko, nikaanza ombi letu la siku zote, Bwana tupe maji kisimani. Nikakatiza katikati. Miaka yote hii tumekuwa tukimwelekeza Mungu mahali pa kuweka maji, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye anataka tuchimbe wapi. Nililia sana, Baba Kimani. Nikamwambia nimechoka, alichukue shimo hilo pamoja na jasho letu lote lililomo. Sikusikia sauti yoyote. Niliinuka tu nikijua la kufanya.

Nilitoka, nikaifungua kamba ya kushukia, Kimani akiwa bado ukingoni, nikaibeba begani hadi kwa mwenyekiti wa mradi. Nikamwambia nasi tunataka kuchimba kipande chetu cha mtaro, ili bomba lifike kwetu pia. Alinitazama kwanza, kisha akanipa kile chenye mawe kuliko vyote, kwa sababu yako nadhani.

Usifikiri nimepona. Ndugu zako wanapiga simu wakisema nakuzika mara ya pili, na moyo wangu wakati mwingine unawaunga mkono. Kimani aliniuliza, "Kwa hivyo jasho ya Baba imeenda bure?" Najua tu kwamba jasho lako halitarudi hata tukiongeza la mtoto juu yake.

Kesho naanza kurudisha udongo. Nitatangulia mimi, ili lawama iwe yangu, yeye asiibebe. Na nakuahidi, hatashuka humo tena, hata akininunia mpaka nife.

Pumzika, mume wangu. Uliniachia kisima na mtoto. Nimeamua kubaki na mtoto.

Wako,
Mama Kimani