Mishipa Nyuma ya Jicho la Malenga

Wewe, usicheke. Au cheka tu, leo hata sioni.

Si nilimpeleka mama kliniki ya macho? Kufika, akakiogopa kiti cha daktari. Mimi, simba wake, nikasema, "Mama, tazama mwanao," nikakaa kwanza. Ushujaa huo!

Daktari akanitia matone, mboni zikapanuka, akamulika. Akamulika tena. Akavuta kiti karibu, ndugu yangu, kama anayesoma barua ya msiba.

"Kijana, mishipa nyuma ya jicho lako inavuja damu."

Yangu. Siyo ya mama. YANGU!

Eti hapo ndipo mahali pekee mwilini anapoiona mishipa ya damu bila kisu. Mstari mtamu kuliko yangu yote, na wala hakutafuta vina.

"Kichwa hakikuumi?"

Nikajibu kwa fahari kwamba huniuma kila asubuhi, ni beti zinatafuta mlango. Mama akaangua kicheko. Daktari hakucheka. Akanipima mkononi: presha, tena ya kutisha. "Ukiiacha hivi utapofuka kabla hujaota mvi."

Macho ya mama? Safi kama ya mtoto, asante kwa kuuliza.

Matone hayajaisha nguvu, jua linanichoma, basi mama ananishika mkono barabarani. "Ngazi hiyo, malenga. Inua mguu." Hata ujumbe huu nasema mimi, anaandika yeye.

Mwanangu, ni mimi mama yake. Kidonge cha kwanza amekimeza. Amenikataza nisiandike kwamba alilia. Alilia. Njoo umwone.