Kibali cha Kumsindikiza Dada

Lodwar, mlangoni pako
Ijumaa mchana

Kwako dada Apajok,

Ejok, hujambo? Mama anakusalimia. Mguu wake umepona, na yule kuku uliyemwacha kambini ametotoa vifaranga saba.

Nimefika na begi mgongoni: hema, sufuria ndogo, sweta mbili za baridi ya Mlima Kenya. Nimekuta kufuli. Ruqiyo wa duka la jirani amenipa maji, akashangaa. "Si wewe ndiye uliyenyimwa kibali? Apajok alisema hivyo. Ameondoka juzi kwenda mlimani na wenzake wa kazini."

Nani alikuambia nimenyimwa? Jumatatu nilikupigia nikakwambia kibali cha kutoka kambini Kakuma kimetoka, ukasema, "Njoo Ijumaa, nakungoja."

Miaka miwili tumeipanga hii safari. Ramani niliichora mimi, kila mahali pa kulala nikaweka alama. Ruqiyo anasema aliiona mkononi mwako mkiondoka.

Ungesema tu unaona haya kutembea na mkimbizi mbele ya wenzako, kana kwamba wewe hukukulia kambini. Ningekasirika, lakini ningebaki nyumbani.

Unajua hakuna anayepewa kibali kwa sababu ya matembezi. Kwenye fomu niliandika ninamsindikiza dada yangu kwa wakwe zake Nanyuki, nikaandika jina lako, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Nikikirudisha, karani ataniuliza, "Dada umemfikisha salama?"

Nitamwambia sina dada.

Achan