Vifuniko Viwili

Jumatatu, 4 Novemba

Mgongo unauma. Nimechanganya marhamu tangu saa mbili asubuhi. Aproni ina mafuta, nywele zina mafuta, hata kalamu hii inateleza.

Nilianza na asidi ya salisili ya asilimia ishirini, ile kali ya nyayo zilizopasuka. Unga wake ni mwepesi mno. Ukiumwaga kwa haraka unapanda puani, unapiga chafya hadi machozi. Nikausaga juu ya kioo na mafuta ya mgando mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikatoa kidogo nikakizimua: kiasi kimoja cha mafuta, changanya, ongeza, changanya tena, hadi ikafika asilimia mbili. Mkebe wa kali, mkebe wa pole. Dawa zote mbili nyeupe pe.

Wino haushiki kwenye mkebe wenye mafuta, kwa hivyo hapa duka letu la dawa tunaandika kwenye kifuniko. 20 na 2. Chuoni walitukataza. Chuoni walikuwa na lebo.

Watu walikuwa wanagonga dirisha. Nikafunga mikebe mbiombio nikaenda kuhudumia.

Mchana akaja Mama Trevor wa Yamumbi. Mtoto ana mwaka na nusu, amezaliwa na ngozi ya magamba miguuni na mgongoni. Ameandikiwa asilimia mbili, asubuhi na jioni. Mama alikuja na chupa yake mwenyewe, ameichemsha, maana zetu zimeisha. Nikaijaza. Trevor alinishika kidole akakataa kukiachilia. Mtoto mzuri. Mimi nilikuwa na njaa na sikumchekea.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Wateja wachache. Nimefunga poda ya watoto wenye homa kwenye vikaratasi, sitini na kitu. Kazi ya kipuuzi lakini inatuliza. Mama yangu amepiga simu kutoka Kisumu anauliza kama nimeokoka na baridi ya huku. Sijaokoka.

Jumatano, 6 Novemba

Niandike tu.

Saa nne mzee mmoja ameleta karatasi yake, asilimia mbili. Nikafungua mkebe wa 2. Nina mazoea ya kusugua kidogo kati ya vidole kabla ya kumpa mtu. Ya asilimia mbili huteleza. Hii ilikuwa nzito, na ilikwaruza.

Nikafungua mkebe wa 20. Uliteleza.

Nilibadilisha vifuniko. Mimi. Jumatatu, nikikimbilia dirisha. Nikamwambia mzee arudi kesho, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni.

Rejista: tangu Jumatatu ni mtu mmoja tu aliyepewa dawa kutoka mkebe ule. Mama Trevor, Yamumbi.

Mara kumi. Mgongo mzima na miguu yote ya mtoto wa mwaka na nusu, mara mbili kwa siku. Itachoma ngozi, hilo ni la kwanza. La pili, itaingia mwilini. Mtoto anaanza kutapika, anapumua mbio, analegea. Nayajua haya, niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Simu yake imezimwa. Nimepiga sijui mara ngapi.

Alhamisi, 7 Novemba

Bado imezimwa.

Nimemwambia Daktari, mwenye duka. Alikuwa bado nyumbani kwake Elgon View, nikaenda hadi getini. Alisikiliza amesimama, kikombe mkononi. Akaniuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Akasema nimtafute mama, nichukue chupa, nimwambie ile dawa imepita tarehe, nimpe nyingine. Basi. Nisiongeze neno.

Nikasema na kama mtoto ameshaumia je? Akaangalia ndani ya kikombe. Akasema nimletee mtoto moja kwa moja, atampokea yeye mwenyewe. Sijui kama huo ni wema au ni woga. Pengine hata yeye hajui.

Amechukua ufunguo wa chumba cha kuchanganyia. Sikumlaumu.

Nimezunguka wodi za watoto za mjini nikiuliza kama kuna mtoto aliyeungua kwa dawa. Kila muuguzi aliyetikisa kichwa nilitamani kumkumbatia. Halafu nikitoka nje nawaza: kama hayuko hapa, basi yuko nyumbani anapakwa.

Sili. Chai tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Yamumbi. Najiona mjinga kuliko wajinga wote. Nimeandika "Mama Trevor, Yamumbi" kana kwamba kuna mmoja. Yamumbi nzima ni Trevor. Wa kwanza ana miaka tisa. Wa pili ni kijana mwenye ndevu, amenicheka. Wa tatu mama yake alidhani nimetoka kwa watu wa chanjo, akanifungia mlango.

Nyumba zinajengwa kila upande, majirani wamehamia juzi, hawajuani. Nimeuliza kwenye vioski, kwenye kanisa lenye mabati mapya, kwa wanaouza maji. Naeleza: mama mwembamba, Mluhya, mtoto ana ngozi kama ya samaki. Nimeona aibu kumtaja mtoto hivyo, lakini ndivyo walivyomkumbuka.

Saa kumi na moja nikampata mwenye ploti wanakopanga. Akasema, "Huyo ameenda Sugoi tangu Jumanne, kuvuna mahindi. Wanalala huko huko shambani. Mpaka wamalize."

Na mtoto?

"Ameenda naye, ataachia nani?"

Siku tano kesho. Nimesali njia nzima na sikumwomba Mungu kitu kingine. Kama huyu mtoto amekufa, sitagusa tena dawa ya mtu yeyote. Sitasubiri kufukuzwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimempata.

Niandike kwa utaratibu. Nimefika Sugoi asubuhi, bodaboda akanizungusha mashamba matatu. Kwenye la nne niliona wanawake wamekaa juu ya magunia wanapukuchua. Nikamwona. Trevor hakuwepo mgongoni mwake. Nikashika ua.

Halafu kitu kikatoka nyuma ya lundo la mahindi, kinatambaa, kina gunzi mdomoni. Trevor. Ana magamba yake yale yale. Hana jeraha. Hana hata wekundu.

Nililia mbele ya watu wote, kwa sauti. Wanawake wakaacha kazi.

Mama Trevor ndiye aliyeogopa. Alidhani nimekuja kumgombeza. Akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo, akiniita daktari kama wateja wengine: "Daktari, usikasirike. Hiyo dawa sijampaka. Mimi hujipaka kwanza, siku mbili tatu, juu huyu hawezi kusema inachoma. Sasa ikanichoma mimi. Nikajua ngozi yangu ndio mbaya, kumbe hata hii ya mtoto nilimpea mimi."

Akakunja mkono wa sweta. Ndani ya kiwiko, mahali pa ukubwa wa kiganja, ngozi imekuwa nyeupe, imevimba, imeanza kubanduka. Chini yake nyama nyekundu. Na kwa mkono huo alikuwa anapukuchua mahindi tangu Jumatano.

Maneno ya Daktari yalikuwa tayari mdomoni. Imepita tarehe. Rahisi kabisa. Angeshukuru, angenipa chupa, ningerudi mjini na kazi yangu. Na yeye angebaki akiamini ni ngozi yake.

Nikamwambia yote. Mikebe, vifuniko, dirisha, mara kumi. Nikamwambia kama angempaka mtoto, huenda leo angekuwa anamzika. Nilisema neno hilo. Sikujua namna nyingine.

Akamnyanyua Trevor, akamtoa gunzi mdomoni, akampangusa. Kisha akasema, "Kwa hivyo si ngozi yangu."

Sio ngozi yako, Mama Trevor.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Nikamsafisha kidonda, nikamfunga. Akanipa chupa, ameishika kwa ncha za vidole.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemweleza Daktari kwamba nilisema ukweli. Amekasirika kweli. Ameniambia nimemweka uchi mbele ya mteja, kwamba duka ni jina. Nikamjibu jina lenyewe limeandikwa kwenye kifuniko, na kifuniko hubadilishwa. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Hajanifukuza. Hajanirudishia ufunguo pia. Nimeshinda dirishani nikiuza dawa za kikohozi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekuta mikebe mipya mezani na bunda la lebo za kubandika ubavuni. Ufunguo juu yake. Marhamu ya zamani yote nimeyatupa. Kali na pole.

Alhamisi, 14 Novemba

Jua zuri leo. Saa tano Mama Trevor alisimama dirishani, mtoto mgongoni, chupa nyingine mkononi. Imechemshwa. Sikutegemea kumwona tena.

Nilimfungulia mlango, nikamleta ndani aone. Nikapima unga mbele yake, Daktari akasoma mizani, nikazimua polepole. Watu waligonga dirisha. Wakagonga tena. Sikwenda. Nikajaza chupa, nikabandika lebo ubavuni, nikamsomea.

Hakuipokea. Aliisukuma juu ya meza ikarudi kwangu.

"Anza wewe," akasema.

Nikavua koti, nikakunja mkono wa blauzi, nikajipaka ndani ya kiwiko, mahali pale pale. Akasogea akaangalia. Tukakaa kwenye benchi. Trevor alinishika kidole. Baada ya kitambo mama akasimama, akafunga mtoto vizuri, akaenda. Chupa ameiacha kwenye rafu.

Atarudi kesho kuuangalia mkono wangu, na kesho kutwa pia. Sijauosha.